Pikapu za besi gitaa: nimekaa na P, J, PJ na za betri, haya ndo maoni yangu

Nianze na jibu ili mwenye haraka aondoke nalo: pikapu mpya (kile kipande cha sumaku na waya kinachokaa chini ya nyuzi na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme) ya aina ile ile uliyonayo itakubadilishia ladha, haitakubadilishia gitaa. Ukichomoa P (pikapu ya mtindo wa besi ya Precision; J ni ya mtindo wa Jazz Bass, PJ ni zote mbili kwenye besi moja) ukaweka P ya kampuni nyingine bado una P mkononi. Ukitaka besi ya tabia nyingine kabisa badilisha aina ya pikapu au mahali inapokaa, na hiyo ya pili inataka kutoboa mbao ndo maana wengi hawaifanyi, wanabaki kununua P juu ya P wakisubiri muujiza.

Mi nina besi mbili za nyuzi nne. Moja ina mwili wa Precision ambao niliupata ukiwa umeshachongwa nafasi ya pikapu ya J karibu na daraja (kile chuma mwilini kinachoshika mwisho wa nyuzi), kwa hiyo inakubali kuwa P tupu au PJ. Ya pili ni ya mtindo wa Jazz Bass, pikapu mbili nyembamba, voliumu mbili na toni moja (nobu ya kupunguza sauti za juu). Ndani ya hizo mbili zimepita pikapu kadhaa, nyingine za kununua nyingine za kuazima kwa wapigaji wenzangu, na hapa nazungumzia zile tu nilizokaa nazo za kutosha kupiga nazo na bendi na kurekodi. Pikapu ya kusikiliza jioni moja chumbani siihesabu, maana chumbani kila kitu kipya kinasikika kizuri.

Kidogo tu historia maana bila hii hutaelewa kwa nini nahukumu hivi. Mtengenezaji gitaa wa Marekani Leo Fender alitoa Precision mwaka 1951 ikiwa na pikapu moja ya koili moja (mzingo mmoja wa waya). Mwaka 1957 akaigawa vipande viwili, kimoja kinasikiliza nyuzi za E na A, kingine D na G, sumaku za kipande kimoja zimegeuzwa na waya wake pia unazunguka kinyume, kwa hiyo mvumo wa umeme unaoingia kwenye vipande vyote viwili unajifuta lakini sauti ya nyuzi inabaki. Yaani hadi leo hiyo pikapu ya 1957 ndo watu wanarekodia. Halafu 1960 ikaja Jazz Bass na pikapu zake mbili za koili moja moja, na 1976 kampuni ya Music Man wakatoa StingRay yenye hambaka moja nene (pikapu ya koili mbili zinazofutiana mvumo), vijiti vinane vya sumaku, na priampu (kikuza sauti kidogo) ya betri ndani ya mwili. Ukizijua hizo tatu umeshajua sehemu kubwa ya besi zinazouzwa, kilichobaki ni kuchanganya tu.

Sasa mahali. Uzi ukipigwa unacheza kwa upana mkubwa katikati na kwa ufinyu karibu na daraja, na juu ya huo mchezo mkubwa kuna michezo midogo midogo mingi, ile tunaita hamoniki. Kila hamoniki ina sehemu ambapo uzi hautikisiki, na pikapu ikikaa chini ya sehemu hiyo hamoniki hiyo haiisikii kabisa, haijalishi imetengenezwa na nani. Ndo maana pikapu ya daraja inalia kama inabana pua na ya shingoni inalia kwa tumbo. Mpigaji besi Jaco Pastorius na ile Jazz Bass yake ya 1962 iliyong'olewa freti (vile vyuma vya shingoni), sauti anayojulikana nayo inatoka kwa kuegemea pikapu ya daraja. Kwenye miaka ya sabini Fender waliisogeza pikapu ya daraja ya Jazz Bass karibu zaidi na daraja, kama sentimita moja hivi, na mpigaji Marcus Miller na Jazz Bass yake ya 1977 (priampu iliwekwa baadae na fundi Roger Sadowsky) ni mtu wa upande huo. Sentimita moja! Watu wanabishana mwaka mzima kuhusu aina ya sumaku wakati sentimita moja ya mbao inafanya kazi kubwa kuliko hizo sumaku.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote chukua bisibisi ucheze na kimo cha pikapu. Hii ni bure na ndo marekebisho yanayopuuzwa kuliko yote. Ukiisogeza pikapu karibu na nyuzi sauti inakuwa kubwa, inauma, kila kosa la kidole linasikika. Ukiishusha sauti inatulia, inakuwa na hewa, ila unapoteza nguvu. Ukiisogeza sana sumaku zinaanza kuvuta uzi, hasa zile za alniko zenye nguvu, unasikia uzi wa E unayumba kwenye noti za juu kana kwamba hautaki kutune, watu wanalaumu shingo, wanalaumu daraja, kumbe ni sumaku inavuta. Mi naanza kwa kubonyeza uzi freti ya mwisho kabisa, naacha kama milimita tatu hivi upande wa E, na kidogo pungufu upande wa G, halafu natoka hapo kwa masikio. Kwenye P una vipande viwili na kila kimoja kina kimo chake, kwa hiyo kama E na A zinafunika D na G usikimbilie kununua, shusha kipande cha E na A umalize.

Kitu kingine ni nyuzi. Mpigaji besi James Jamerson alipiga kwenye Precision ya 1962 yenye nyuzi laini za flati (zenye uso bapa), nzito, anajulikana kwa kutozibadilisha, na sponji ikiwa chini ya kava la daraja. Chukua hiyo hiyo Precision weka nyuzi mpya za raundi (zenye uso wa mikunjo) toa sponji na utapata besi ya roki inayong'ata. Pikapu ni ile ile! Mtu akikuambia "nataka sauti ya zamani ninunue pikapu gani" muulize kwanza ana nyuzi gani, na mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo.

Haya, tuje kwenye pikapu zenyewe.

Ile ya kiwandani niliyoikuta kwenye P yangu ilikuwa ya keramiki, ile ambayo chini yake kuna sumaku ya kipande kama kitofali na vijiti vya chuma tu juu. Sio mbaya. Nasema hivyo kwa sababu kuna dharau nyingi juu ya keramiki, watu wakisikia alniko wanafikiri ni dhahabu, lakini alniko ni aloi tu ya alumini nikeli na kobalti, na keramiki ni sumaku yenye nguvu, ukiizungushia waya vizuri inafanya kazi. Tatizo la hii yangu ilikuwa na trebo (sauti za juu) kavu, ukipiga kwa piki (kile kiplastiki cha kuchapia nyuzi) inatoa ule mlio wa "tik" mbele ya noti, na kwenye sauti za kati ilikuwa imelala. Niliiishi nayo, nikiwa nimefunga toni nusu ilikuwa inakubalika, na kwenye bendi hakuna aliyelalamika.

Ya kwanza kuingia badala yake ilikuwa Seymour Duncan SPB-3, ile Quarter Pound. Jina linatokana na vijiti vyake vya sumaku vyenye kipenyo cha robo inchi, yaani zaidi ya milimita sita, vinene kweli ukivilinganisha na vya kawaida. Imezungushiwa waya mwingi pia, ukiipima ukinzani kwa mita inapanda kilo-ohmu 12 na zaidi wakati P za mtindo wa zamani nyingi zinakaa 10 hadi 11. Matokeo yake ni sauti kubwa, chini imejaa, juu inauma na katikati imezama. Ukiichomeka peke yako unatabasamu. Ukiweka disto (kifaa cha kuchanisha sauti) inafurahisha zaidi, hiyo ni kazi yake, muziki mzito na piki hapo iko nyumbani. Ila kwenye bendi yenye magitaa mawili na kinanda, ule uzamo wa katikati unakufanya upotee, unasikika chini kama ngurumo na juu kama mikwaruzo, noti yenyewe haionekani iko wapi. Sio kasoro ya pikapu, imetengenezwa iwe hivyo na kuna watu wengi wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Kwangu mimi ninayepiga vitu vya taratibu na kwa vidole haikai.

Hapa niingize kitu kimoja kinachoelezea mambo mengi. Uzi wa E wazi una hertzi (mitikisiko kwa sekunde) 41 hivi. Spika nyingi ndogo, simu, redio ya gari, hizo 41 hazipo kabisa au zipo kwa shida, msikilizaji anasikia 82 na 123 na kwenda juu, ubongo unajaza wenyewe hiyo ya chini. Kwa hiyo besi inayosikika kwenye wimbo ni ile yenye sauti za kati, sio yenye chini nyingi. P ya kawaida ina hicho kitu kwa asili yake na ndo maana mafundi wa studio wakiiona wanafurahi, wanajua itakaa bila kupigwa vita na miksa.

Baadae nikaweka SPB-1, ya kampuni hiyo hiyo lakini ya mtindo wa zamani, alniko, waya wa kiasi. Hii ndo imebaki. Haina cha kukushangaza ukiwa chumbani, kwa kweli mara ya kwanza utajiuliza umelipia nini. Halafu unaingia kwenye mazoezi na unagundua unasikika ukiwa na voliumu ya chini kuliko zamani, noti zina mwanzo na mwisho, na ukigeuza nobu ya toni kila sehemu ya mzunguko ina sauti inayotumika, sio mbili tu za mwisho. Kwenye P nzuri nobu ya toni ni kama gia ya gari, kila hatua ina kazi yake. Ikiwa imefunguka yote napiga na piki, ikiwa nusu napiga kwa vidole, ikifungwa kabisa napiga na dole gumba huku nimeziba nyuzi kwa kiganja na hapo unapata ile besi ya zamani ya mviringo.

DiMarzio Model P nilikuwa nayo ya kuazima. Ni ya keramiki, ina skrubu ndogo za kurekebisha kila kijiti kimoja kimoja, na hiyo ni raha kwa mtu kama mimi mpenda kuchokonoa, uzi wa D ukiwa mdogo unauinulia vijiti vyake tu. Sauti yake ni ya kati, nene, inasukuma, ukiwa na ampu ya taa (kikuza sauti cha vali za kioo) inaanza kuchanika vizuri mapema. Kama ningekuwa na P tupu na napiga roki ningeichukua hii mbele ya Quarter Pound bila kufikiria sana, maana hii inakupa nguvu bila kukunyang'anya katikati. Ila haina ule ulaini wa juu, ukifungua toni inabaki nzito, ni kama imevaa koti.

Sasa PJ, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi wanauziwa ndoto. Wazo ni tamu, unapata P yako na unapata pikapu ya daraja, zote kwenye besi moja. Kwenye uhalisia kuna matatizo mawili. La kwanza, P ni koili mbili zilizounganishwa kwa mfululizo, ina nguvu, na J ya daraja ni koili moja iliyokaa mahali ambapo uzi hautikisiki sana, kwa hiyo J peke yake inasikika nyembamba na ndogo, unageuza kutoka P kwenda J katikati ya wimbo na besi inapotea. La pili ni mvumo. P inajifutia mvumo wake yenyewe ndani kwa ndani, J ya koili moja haina mwenzake wa kumfutia, kwa hiyo ukiifungua hata kidogo mvumo unaingia. Kwenye Jazz Bass ya kawaida hili halipo ukifungua zote mbili sawasawa, kwa sababu pale pikapu mbili zimegeuzwa moja kinyume cha nyingine na zinafutiana. Kwenye PJ hakuna huo mpango.

Suluhisho ni kuweka J isiyovuma, yaani ile yenye koili mbili ndani ya umbo la J, na yenye nguvu kidogo kuliko kawaida ili ifike karibu na P. Na uishushe P kidogo uipandishe J. Na ukubali kwamba kwenye PJ ile J sio ya kupiga peke yake, ni ya kuchanganyia, P yote wazi na J robo hadi nusu, inaongeza ukali wa vidole na mwanga kwenye noti za juu. Ukiifungua J yote utaona chini inapungua, kwa sababu pikapu mbili zinasikia uzi mmoja sehemu mbili tofauti na baadhi ya sauti zinagongana zinapunguzana. Wapiga slapu (wanaochapa nyuzi kwa dole gumba) wanaipenda hiyo, mi naitumia kwa nadra.

Kwenye mwili huo huo nikajaribu pia seti ya PJ ya kampuni ya EMG, zile zinazotumia betri ya volti 9. Niseme ukweli nilikuja nazo nikiwa na chuki za kimyakimya, maana nimezoea pikapu za vijiti na hizi ni vipande vyeusi tupu. Ufungaji ulinishangaza kwa urahisi, seti inakuja na poti zake (vile vifaa vilivyo chini ya nobu za voliumu na toni), viunganishi vya kubonyeza, hakuna kulehemu, mtu asiyewahi kushika chuma cha moto anaweza. Poti ni za kilo-ohmu 25 sio 250, kwa hiyo usichanganye na zile zako za zamani. Waya wa athi unaoenda kwenye daraja wenyewe wanaelekeza uutoe, kwa sababu pikapu hazihitaji mwili wako kuzimisha mvumo, na ni salama zaidi endapo siku moja utashika maikrofoni yenye hitilafu ya umeme ukiwa umeshika nyuzi. Hiyo pekee kwangu ni pointi kubwa.

Na ukimya wake! Jukwaa lenye taa za ajabu, waya mrefu, jenereta inalia nyuma, besi imenyamaza kabisa. Waya mrefu pia hauli trebo kwa sababu kinachotoka kwenye gitaa tayari kimepita kwenye priampu ndogo ndani ya pikapu. Nyuzi zote ziko sawa kwa ukubwa, hakuna uzi unaojificha. Kama kazi yako ni jukwaa kila wiki, na fundi mitambo hakujui na hana muda na wewe, chukua hizi usiangalie nyuma. Mi sikubaki nazo kwa sababu moja: zinanyoosha kila kitu. Ukipiga kwa nguvu au polepole tofauti inakuwa ndogo kuliko kwenye SPB-1, na nobu ya toni inafunga trebo tu, haikupi zile hatua hatua. Na kumbuka kuchomoa waya ukimaliza kupiga, tundu la waya ndo swichi ya betri, ukiacha umechomeka usiku kucha betri inaliwa.

Kwenye besi ya Jazz stori ni nyingine. Pale za kiwandani zilikuwa nzuri tu, koili moja moja, na mvumo ukipiga moja peke yake. Mvumo huo mtu anaweza kuupunguza kwa kubandika karatasi ya shaba ndani ya mashimo ya mbao na kuiunganisha na athi, na ni kazi ya kufanya kweli, lakini ujue karatasi ya shaba inazuia zaidi zile kelele za "zzz" za taa na kompyuta. Ule mvumo mnene wa transfoma, wa hertzi 50 au 60 kulingana na umeme wa nchi, unapita kwenye shaba kama haipo, huo unataka koili ya pili tu. Kuna watu wamebandika shaba gitaa zima wakakata tamaa kwa sababu hawakuambiwa hili.

Nikaweka DiMarzio Model J, ambazo kila moja ina koili mbili ndani na zina zile skrubu za kurekebisha kama za Model P. Mvumo ukaisha, hata nikiwa na pikapu ya daraja peke yake, na kwa mtu anayependa ile sauti ya daraja huo ni ukombozi. Nilichopoteza ni kile kimwanga cha juu kabisa, kile kinachofanya Jazz Bass ya koili moja isikike kama ina kioo ndani. Ni nene zaidi, za kati zaidi. Kwa hiyo uamuzi ni wako, ukirekodi chumba kimetulia koili moja inashinda, ukipiga kwenye kumbi za hovyo Model J zinashinda, mi ninapiga kwenye kumbi za hovyo.

Mbinu moja ya Jazz Bass ambayo haina gharama: ukifungua voliumu zote mbili hadi mwisho katikati inazama, sauti inakuwa ya slapu. Punguza moja kidogo tu, kama nobu inarudi nyuma kwa upana wa kidole, na katikati inarudi kama imeitwa. Upunguze ya daraja unaelekea kwenye P, upunguze ya shingo unaelekea kwa Jaco. Wapo wanaofunga besi hizi kwa mfululizo badala ya sambamba kwa kutumia poti ya kuvuta juu, mi nimefanya hivyo na naipenda, ukivuta nobu pikapu mbili zinakuwa kama moja kubwa, sauti inapanda, trebo inashuka, katikati inajaa, karibu kama P lakini sio P. Kwa poti moja na dakika chache za kulehemu hakuna badiliko la bei rahisi zaidi ya hilo kwenye J.

Tahadhari ya kuchanganya kampuni mbili kwenye J. Unaweza kununua ya daraja ya huyu na ya shingo ya yule ukafungua zote ukakuta sauti nyembamba imepungua chini yote. Hizo zinapingana, geuza nyaya mbili za pikapu moja, ya moto ikae athi na ya athi ikae ya moto, chini itarudi. Lakini angalia, kama sumaku za zote mbili zinatazama upande mmoja, sauti itarudi ila mvumo hautafutika, maana kufuta mvumo kunataka sumaku ziwe kinyume na waya uwe kinyume, vyote viwili. Dira ndogo inatosha kujua, ipitishe juu ya vijiti vya pikapu moja kisha nyingine uone sindano inageukia wapi. Na upime urefu kabla ya kulipa, pikapu ya daraja kwenye Jazz Bass kwa kawaida ni ndefu kuliko ya shingo kwa milimita chache, ila kuna besi zenye urefu sawa pande zote. Nyuzi tano usiniulize, pale kila kampuni ina vipimo vyake na kava lisilokaa kwenye shimo ni maumivu.

Poti na kapasita. Poti za kilo-ohmu 250 ndo kawaida kwa P na J, za 500 zinaacha trebo nyingi zaidi zipite na wengi wanazitumia kwenye hambaka. Kabla hujasema pikapu yako imefifia pima poti kwa mita, maana poti ya 250 inaweza kuwa 200 kweli ikiwa imetoka kiwandani hivyo, ukibadilisha ikawa 270 utasikia pazia limeondoka kidogo na hujagusa pikapu. Kapasita ya toni (kile kijidude kinachofanya nobu ya toni ikate trebo) ya kawaida ni nanofaradi 47, ukiweka ndogo toni ikifungwa inabaki na uhai, ukiweka 100 inazama kabisa. Namba ndo inafanya kazi. Zile kapasita za zamani zilizofungwa kwenye karatasi na mafuta, zinazouzwa kwa bei ya pikapu nzima, mi nimezisikiliza na ile ya kawaida ya namba hiyo hiyo na sijasikia cha kunifanya nitoe hela.

Kuhusu kulinganisha, video nyingi mnazoangalia hazina maana na sababu ni mbili. Pikapu moja imepigwa na nyuzi zilizochoka, nyingine na nyuzi mpya kwa sababu jamaa alizitoa ili afungue gitaa, basi hapo unalinganisha nyuzi. Na pikapu yenye sauti kubwa inashinda kila mara hata kama ni mbaya, masikio yetu ndo yalivyo. Mi narekodi kikavu moja kwa moja kwenye kompyuta, mstari ule ule wa besi, nyuzi za umri ule ule, kimo kilichopimwa, halafu nasawazisha ukubwa hadi zote ziwe sawa. Majina ya faili anayachanganya mtu mwingine. Halafu nasikiliza na ngoma na gitaa zikiwepo. Bila ngoma unachagua pikapu ya kupigia chumbani. Nilipofanya hivi kwa P zangu, ile ya keramiki ya kiwandani na SPB-1 zilikuwa karibu sana kuliko nilivyotaka ziwe, nikifunga toni hadi nusu nilishindwa kuzitenganisha. Toni ikiwa wazi tofauti ilikuwepo, ya wazi kabisa, na ilikuwa kwenye ule mwanzo wa noti. Quarter Pound na EMG hata mtoto angezitambua.

Kwa hiyo ilivyo sasa: besi ya P ina SPB-1 na toni ya nanofaradi 47, nafasi ya J imezibwa na kava tupu kwa sasa maana sijapata J isiyovuma inayonipa mwanga ninaoutaka. Besi ya J ina Model J na poti ya kuvuta. Quarter Pound imeenda kwa kijana anayepiga metali na ameniambia hairudi. Nikipata hambaka ya mtindo wa StingRay ya kuweka kwenye mwili wa tatu nitaijaribu, ila ile ni kazi ya kuchonga mbao, na fundi ninayemwamini na mashine ya kuchongea ameniambia nisilete gitaa mpaka nijue kwa milimita pikapu inakaa wapi.